Cynthia Robinson na Tarumbeta Lake

Katika bendi za Marekani za miaka ya 1960 mwanamke aghalabu alitengewa nafasi moja tu, nayo ni ya kuimba mbele ya hadhira, ilhali vyombo, na hasa vile vya kupuliza, vilihesabiwa kuwa milki ya wanaume. Cynthia Robinson, mzaliwa wa Sacramento katika jimbo la California, alisimama katika safu ya wapulizaji na tarumbeta lake bila ya kumwomba mtu idhini.

Sylvester Stewart, mtangazaji wa redio aliyejulikana zaidi kwa jina la Sly Stone, alipounda kundi mjini San Francisco mwaka 1966, Cynthia alikuwamo. Na kundi hilo lilipoungana na lile la Freddie, nduguye Sly, likazaliwa Sly and the Family Stone, bendi iliyochanganya weusi na weupe, wanaume na wanawake, katika zama ambazo miji ya Marekani ilikuwa ikiwaka moto kwa sababu ya ubaguzi.

Muziki wao ni fanki, ambao uzito wake mkubwa huwekwa katika pigo la kwanza la kila mzunguko, hata chombo kilichozoea kubeba lahani kikageuka kuwa ngoma. Tarumbeta lina vibonyezo vitatu tu, na sauti zake nyingi hutafutwa kwa midomo na pumzi. Kwa hiyo kuitoa sauti kali kwa ghafla, kuikata papo hapo, na kufanya hivyo sawia na saksafoni ya mwenzake Jerry Martini wimbo mzima, ni kazi inayodai ustadi mkubwa kuliko adhaniavyo mchezaji aliyeshughulika na miguu yake. Fauka ya hayo, alikuwa na sauti ya kuamrisha: katika “Dance to the Music”, wimbo uliowapatia umaarufu mwaka 1968, ule ukelele unaowainua watu vitini ni wake. Mwaka uliofuata alipiga katika tamasha la Harlem, na katika lile la Woodstock kabla ya mapambazuko.

Dawa za kulevya na ugomvi viliivunja bendi, lakini wenzake walipokuwa wakiondoka mmoja mmoja, yeye alikaa. Baadaye alipiga na wanamuziki wa fanki Larry Graham na George Clinton. Mwaka 1993 bendi iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, naye akawa mwanamke wa kwanza mpiga tarumbeta kupata heshima hiyo. Saratani ilimchukua tarehe 23 Novemba 2015.

Naona ni dhulumu kumtaja kama pambo la bendi ya Sly. Anayetaka kuijua kadiri yake na aitafute albamu “Stand!” ya mwaka 1969, asikilize “I Want to Take You Higher”, ambamo wapigaji hupokezana zamu, na tarumbeta likapewa yake.