Muziki niliorudi nao kutoka ukimbizini

Jumamosi moja nilikuwa sokoni Mugina, pale mpakani tunapotazamana na Manyovu ya Tanzania, nikisubiri gari la kurudi Nyanza-Lac. Simu yangu ilikuwa ikiimba taratibu mfukoni. Mama mmoja muuza vitenge, ambaye huvuka mpaka karibu kila wiki, akanitazama na kucheka.

"Mwalimu," akasema, "mtu mzima kama wewe, umerudi kwenu miaka yote hii, bado unasikiliza nyimbo za kambini? Kwa nini?"

Nilimjibu kwa mzaha tu, gari likaja nikapanda. Lakini swali lile lilinikaa kichwani njia nzima. Ndugu msomaji, leo naomba nitoe jibu ambalo siku ile sikulitoa. Huenda nawe umewahi kuulizwa hivyo hivyo, hasa kama umewahi kurudi nyumbani ukakuta nyumbani hapakujui.

Kaseti na betri za kuanika

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, mwaka 1979. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, wakati wa yale mauaji yaliyotawanya watu wetu. Tanzania iliwapa maelfu ya wakimbizi wale ardhi ya kulima katika makazi matatu: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mimi nilisoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Kirundi kwetu kilikuwa lugha ya jikoni na ya kugombezwa.

Kule Ulyankulu mtu akiulizwa anakaa wapi hutaja namba ya barabara. Barabara ya 13 ndiyo iliyotoa kwaya ambayo wasomaji wengi wa rika langu wanaijua: Kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu. Sisi tulikaa barabara nyingine, lakini tulijivunia kana kwamba waimbaji wale ni ndugu zetu wa tumbo moja. Waliimba kwa Kiswahili, wakisimulia habari za Biblia kama mtu anayesimulia hadithi jioni, sauti nzito zikijibizana na nyembamba. Kaseti zao zilipenya Tanzania nzima na kuvuka mipaka.

Baba alikuwa na redio kaseti moja ya betri. Betri zikichoka tulizianika juani kama dagaa. Kurudisha kaseti nyuma hatukutumia redio, tulitumia kalamu ya Bic, tukiizungusha kwa mkono ili kuokoa moto wa betri. Ukipoteza kalamu ile, ulijua utalala umechapwa.

Basi hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza. Siisikilizi kwaya ile kwa ajili ya dini peke yake. Naisikiliza kwa sababu ilinifundisha, nikiwa mtoto asiye na kitambulisho cha nchi yoyote, kwamba hata watu wanaogawiwa ardhi na wengine wanaweza kutoa kitu ambacho wenye nchi watakitafuta madukani na kukilipia.

Mgeni aliyeitwa jina la kituo

Wa pili katika simu yangu ni Dk. Remmy Ongala. Wengi humhesabu kuwa Mtanzania, na kweli alifia huko Desemba 2010 akiwa raia. Lakini alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila. Alikuja na gitaa, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao. Badala ya kuificha lafudhi ile, aliimba nayo habari za mnyonge, za kifo, na baadaye za UKIMWI katika "Mambo kwa Soksi", wakati ambapo wengi waliona aibu kuutaja ugonjwa huo hadharani. Pale Sinza, Dar es Salaam, kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Fikiria, mgeni anakuja kutafuta riziki na jina lake linageuka kuwa mahali ambapo wenyeji humwambia kondakta "nishushe".

Katika albamu yake ya mwaka 1989, Songs for the Poor Man, kuna wimbo uitwao "Muziki Asili Yake Wapi". Sitaeleza maneno yake hapa, mwenye nafasi ausikilize mwenyewe. Mimi jina lake tu linanitosha, maana swali hilo ndilo tunaloulizwa sisi tuliorudi: asili yako wapi?

Kurudi

Kuanzia mwaka 2008 tulipewa nafasi ya kuchagua, kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Watu zaidi ya 160,000 walichagua kubaki, na hatimaye wakapewa uraia. Baba yangu alisema hawezi kuzikwa mahali ambapo babu yake hapajui. Mwaka 2009 tukarudi.

Niseme ukweli, haikuwa rahisi. Shuleni nilikofundisha, walimu wenzangu walisoma kwa Kifaransa. Mimi sikuweza kuandika hata kumbukumbu za kikao. Wakaniita Mtanzania, jina ambalo kule Tabora hakuna aliyewahi kunipa. Kirundi changu kilikuwa cha jikoni, sikuweza kusimama nacho mbele ya wazee.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza inanga. Ni uzi mrefu uliopitishwa mara kadhaa juu ya ubao uliochongwa kama sinia. Mpigaji wa Kirundi mara nyingi haimbi kwa sauti, hunong'ona, na uzi hunong'ona naye. Lazima ukae karibu na unyamaze ndipo umwelewe. Baba alinifasiria neno moja moja. Nilijifunza Kirundi cha methali kwa kunong'onewa, nikiwa na miaka 30, kama mwanafunzi wa chekechea.

Mpaka wa shamba

Sasa nifike kwenye sababu iliyo nzito kuliko zote.

Shamba la baba, lenye michikichi, tulikuta linalimwa na mzee mwingine tangu miaka ya sabini. Naye alikuwa na watoto na wajukuu waliozaliwa pale. Baada ya kesi ndefu shamba liligawanywa katikati. Hakuna aliyeridhika. Kwa zaidi ya mwaka mzima wazee wale wawili walipishana njiani bila salamu, na sisi watoto tulijifunza kuangalia chini.

Mwaka 2011 baba aliugua na hakuinuka tena. Jioni moja aliniomba nimwekee ile kaseti ya zamani. Nikaiweka nje, chini ya mwembe, alipokuwa amelala kwenye mkeka. Wimbo wa pili haujaisha, nikaona mtu amesimama kwenye mpaka wa shamba. Alikuwa yule mzee.

"Hiyo si Barabara ya 13?" akauliza kwa Kiswahili cha ziwani.

Nikamjibu ndiyo. Akasema aliwahi kuwa na kaseti hiyo hiyo, aliinunua zamani soko la Rumonge kwa mchuuzi wa ndagala, akaisikiliza mpaka utepe ukakatika. "Wale Watanzania walijua kuimba," akasema.

Baba akageuza kichwa pale mkekani. "Si Watanzania, mzee," akamwambia. "Ni sisi."

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Miaka yote alikuwa amezipenda sauti za watu waliokimbia, labda hata wa kilima chake, bila kujua. Alivuka mpaka, akaketi, akasikiliza mpaka upande wa kaseti ukaisha. Hakuna aliyeomba msamaha, na mstari wa shamba haukusogea hata hatua moja. Upo pale pale ulipowekwa. Lakini baba alipofariki wiki chache baadaye, mzee yule alikuja na jembe lake bila kuitwa, akachimba kaburi pamoja na wajomba zangu. Tangu siku ile tunasalimiana. Kaseti nilimpa yeye.

Darasani

Leo shuleni kwetu wapo watoto waliorudi kutoka Nyarugusu na Nduta, ambako wazazi wao walikimbilia baada ya machafuko ya mwaka 2015. Wenzao huwacheka kwa Kiswahili chao kama nilivyochekwa mimi. Basi kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, kila mtoto husimama na kutaja wimbo anaousikiliza na sababu yake. Hatucheki sababu ya mtu. Mmoja alitaja "Haturudi Nyuma" wa Kidum na Juliana Kanyomozi. Nikawaeleza kwamba Kidum ni mzaliwa wa Burundi aliyejenga jina lake Nairobi, na mwenzake ni wa Uganda. Mwingine alileta "Sambolera" ya Khadja Nin, iliyotoka mwaka 1996. Waliposikia kwamba mwimbaji huyo wa Kiswahili alizaliwa hapa hapa Burundi, darasa liliguna. Siku hiyo hakuna aliyeitwa Mtanzania.

Ndugu msomaji, jaribu na wewe. Usimuulize jirani yako asili yake wapi. Muulize anasikiliza nini, kisha umuulize kwa nini.

Nilirudi Mugina mwezi uliofuata, nikamkuta yule mama na vitenge vyake. Nikamrudishia swali lake: "Na wewe mama, unasikiliza muziki gani?"

"Mimi?" akasema. "Mimi nasikiliza bei ya faranga tu."

Tukacheka. Akahudumia mteja, akapokea hela, akahesabu mara mbili. Kisha akatoa simu yake na kuinama kunielekea.

"Hebu nirushie ile ya kwaya," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nilizaliwa Mishamo."

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili Nyanza-Lac, Burundi.