Trei za Mayai Hazizuii Sauti

Kila ghorofa jipya likikamilika Parklands, Nairobi, swali ni lile lile: "Fundi, trei ngapi za mayai zitatosha kugeuza sebule yangu kuwa sinema?" Hakuna idadi. Zipange kutoka sakafuni hadi darini, sinema hutaipata.

Chukua trei moja, funika spika ya simu inayopiga wimbo. Unausikia? Jirani naye atausikia. Kinachozuia sauti isipenye ukuta ni uzito, na hata ukiuongeza maradufu unapunguza takriban desibeli 6 tu. Karatasi ya milimita chache inaongezea nini ukuta wa mawe?

"Basi angalau itaua mwangwi," hunijibu. Haiui. Trei ina kina cha sentimita 5 hivi. Besi ya filamu, tuseme hezi 100, ina wimbi la mita 3.4, na vikombe vile haivitambui kabisa. Trei hunyonya kidogo sauti nyembamba peke yake, mngurumo ukabaki palepale na kuyameza maneno ya waigizaji. Tena ni karatasi kavu: soketi ikitoa cheche, moto unapanda ukuta mzima. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana chumba cha pili wamelala watoto.

Mwanafizikia Wallace Sabine alianza kuchunguza mwangwi wa vyumba huko Harvard mwaka 1895, akihamisha matakia usiku na kupima sauti inakawia sekunde ngapi kabla ya kufifia. Akaonyesha kwamba kinachoamua ni ukubwa wa chumba na wingi wa vitu vinavyonyonya sauti. Ndiyo maana viti vya sinema vina sponji nene: ukumbi usio na watu usisikike tofauti sana na uliojaa. Nyuma ya vitambaa vya kuta zake kuna pamba ya kioo, na skrini ina vitundu vidogo ili maongezi yatoke kwenye spika iliyo nyuma yake.

Kwako, tandika zulia nene juu ya vigae. Tundika mapazia mazito yenye mikunjo. Weka paneli za pamba ya mawe za sentimita 10 kwenye kuta za kando, na nene zaidi kwenye kona. Sogeza spika mbali na ukuta, wufa ikae juu ya mpira. Ziba nyufa za mlango. Usiku punguza besi: kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaruhusu desibeli 35 tu katika makazi. Na kama trei ziko ukutani tayari, zibandue leo.