Ufuatiliaji wa kache

Ufuatiliaji wa kache ni kazi ya kupima jinsi programu ya wavuti inavyotumia kache, yaani hifadhi ya muda yenye nakala za data zinazoombwa mara kwa mara, ili zisitafutwe upya kwenye hifadhidata kila wakati. Lengo lake ni kujua kama kache inapunguza kweli mzigo wa hifadhidata.

Programu za kache

Miongoni mwa programu zinazojulikana ni Memcached, iliyoanzishwa na Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya tovuti ya LiveJournal, na Redis, iliyotolewa na Salvatore Sanfilippo mwaka 2009. Zote mbili huweka data katika RAM na huhesabu shughuli zao zenyewe. Hesabu hizo huonyeshwa kwa amri ya *stats* katika Memcached na *INFO* katika Redis.

Vipimo vikuu

* *Kiwango cha kupatikana* ni asilimia ya maombi yaliyokuta data ndani ya kache. Kikishuka kutoka 95% hadi 90%, tofauti huonekana ndogo. Hata hivyo, katika maombi 1000, yanayokwenda kwenye hifadhidata huongezeka kutoka 50 hadi 100, yaani mzigo huwa maradufu.
* *Idadi ya data zilizoondolewa* huonyesha kama nafasi inatosha. Memcached ikijaa, huondoa data ambazo hazijatumika kwa muda mrefu ili kupisha mpya.

Kusoma hesabu

Hesabu hizi hujumlishwa tangu programu ilipowashwa. Kwa seva iliyofanya kazi kwa miezi mingi, jumla inaweza kuficha tatizo lililoanza leo. Kwa hiyo inafaa kuchukua hesabu mara mbili, kwa mfano kila baada ya dakika moja, na kutazama tofauti yake.

Kiwango kikubwa hakithibitishi kwamba data ni sahihi. Bei ya bidhaa ikibadilishwa katika hifadhidata, kache inaweza kuendelea kutoa bei ya zamani, na kila jibu la namna hiyo huhesabiwa kuwa limepatikana. Ili kuzuia kosa hilo, kila nakala huwekewa muda wa kuisha, au hufutwa mara tu data yake inapobadilishwa.