Meli ya Caribbean iliyomfanya mume aijue hofu ya mkewe

Kwa miaka mitatu mfululizo, likizo ikikaribia, mume alikuja na hoja ile ile: twende safari ya meli Caribbean, sisi wawili tu. Mke naye hakukosa jibu. Mara ada ya shule, mara mchango wa harusi nyumbani, mara watoto bado wadogo. Taratibu mume akaamini kwamba mwenzake anaona uchungu wa fedha, au hana hamu ya kukaa naye peke yake.

Wanandoa hao ni Watanzania wanaoishi Houston, Texas, nchini Marekani. Mume ni dereva wa lori, mke ni muuguzi wa zamu za usiku. Wameoana miaka 11 na wana watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Wamekubali kusimulia kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Hatimaye mke alikubali. Wifi yake akawachukua watoto, nao wakapanda meli bandari ya Galveston, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Houston. Safari ilikuwa ya siku saba: Roatán nchini Honduras, kisha Belize, kisha Cozumel nchini Mexico.

Hoteli inayoelea

Meli hizi ni kama mtaa mzima uliowekwa juu ya maji. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, ina urefu wa meta 365 na inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Yao ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini nayo ilikuwa na mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho na chakula kuanzia alfajiri hadi usiku.

Kabla ya meli kung'oa nanga, kila abiria huelekezwa mahali pa kukusanyika ikitokea dharura. Sheria hiyo ilikazwa baada ya ajali ya Costa Concordia huko Italia mwaka 2012, iliyoua watu 32. Wengi hulimaliza zoezi hilo haraka wakakimbilia muziki. Mke hakufanya hivyo. Alimwomba mfanyakazi amwonyeshe mara mbili namna ya kufunga jaketi la kujiokoa, kisha akahesabu hatua kutoka chumbani hadi kwenye boti za uokoaji. Mume akacheka.

Siku mbili za kwanza hawakuona nchi kavu. Mume alikula, akaogelea, akalala. Mke alilala na nguo zake za kutokea, viatu vikiwa mlangoni. Alipoulizwa, alisema ni baridi ya kiyoyozi.

Roatán ilimpa nafuu, kwa kuwa meli hufunga gatini na abiria hushuka kwa miguu. Walikwenda kijiji cha Punta Gorda, wanakoishi Wagarífuna, kizazi cha Waafrika na wenyeji wa asili wa kisiwa cha St. Vincent, ambao Waingereza waliwahamishia Roatán kwa nguvu mwaka 1797. Waliandaliwa ndizi za kupondwa na mchuzi wa samaki wa nazi. Mke anasema alikula kama yuko kwa shangazi yake, na ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Galveston.

"Baba mdogo alikuwa kwenye Bukoba"

Kesho yake walifika Belize. Maji ya pwani ya Belize City ni mafupi, hivyo meli kubwa hutia nanga mbali na abiria hupelekwa nchi kavu kwa boti ndogo. Mume alikuwa ameshalipia matembezi ya kwenda Altun Ha, magofu ya kale ya Wamaya.

Mlangoni mke aliiona boti ikipanda na kushuka na mawimbi, watu wamebanana kwenye viti. Akasimama. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu.

"Baba watoto, siwezi."

Mume alikasirika. Fedha ile isingerudishwa, na watu walikuwa wanawatazama. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka kubembeleza. Mke akamjibu kwa sentensi moja: "Baba mdogo alikuwa kwenye Bukoba."

MV Bukoba ilipinduka Mei 21, 1996 katika Ziwa Victoria, ikitoka Bukoba kuelekea Mwanza, na kuua mamia ya watu. Mke alikuwa Mwanza, ana miaka minane. Anakumbuka baba yake akitoka kila asubuhi kwenda kutambua miili, na kurudi jioni bila neno. Mdogo wake hakupatikana. Nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Mume, aliyekulia Moshi, alijua tu kwamba mkewe alifiwa na baba mdogo zamani. Hakuwahi kuuliza alikufaje.

Walitoka kwenye foleni. Meli ilikuwa karibu tupu, wakakaa kwenye kivuli hadi alasiri. Mume anasema hiyo ndiyo siku aliyomsikiliza mkewe kwa muda mrefu kuliko siku yoyote ya ndoa yao. Mke alimwomba mambo mawili: asicheke akimwona anahesabu majaketi, na aulize kabla ya kulipa.

Cozumel walishuka gatini wakatembea mjini. Usiku wa mwisho mke bado alilala na viatu mlangoni. Vya mume vilikuwa pembeni yake.

Waliporudi, waliwaeleza watoto habari za babu yao mdogo. Sasa kila Jumamosi watoto wanajifunza kuogelea. Ni mke aliyewaandikisha.

Kabla ya kulipia safari kama hii

• Muulize mwenzako anaogopa nini. Sababu za fedha na kazi wakati mwingine ni pazia tu.

• Nauli hulipia chumba, chakula cha kawaida na burudani. Vinywaji vingi, intaneti na matembezi hulipiwa peke yake. Bakshishi ya wafanyakazi mara nyingi ni dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Kwa wawili, wiki moja ni zaidi ya dola 220.

• Uliza mapema ni bandari zipi mtashuka kwa boti ndogo, na siku ya mwisho ya kufuta matembezi bila kupoteza fedha.

• Mwachie anayebaki na watoto barua ya kumruhusu kuwapeleka hospitali, pamoja na kadi zao za bima.

• Wanaoishi Marekani wabebe pasipoti na grini kadi. Anayetoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli hutoka nchini humo na kurudi.