Bima Huuliza Kwanza: Mjane Ni Nani?

Mtu wa kwetu akigongwa na lori la miwa kati ya Rongo na Awendo, habari hutufikia huku ughaibuni kabla polisi hawajamaliza kupima barabara. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina huteuliwa, na michango huanza kumiminika. Ada ya mochari, jeneza, hema, fahali wa matanga, basi la kuleta jamaa kutoka Nairobi: yote hulipwa. Siku ya tatu baada ya mazishi, kundi huwa kimya. Sijawahi kuona kundi la namna hiyo likichangia barua za usimamizi wa mirathi, ingawa gharama yake haifikii hata bei ya fahali.

Wakati huo saa ya sheria imeshaanza kuhesabu. Dai la fidia kwa kifo cha ajali lina miaka 3. Tunadhani kesi itakuwa juu ya dereva: alikuwa mwendo gani, aliovateki wapi, breki zilishika au hazikushika. Yote hayo yatakuja. Lakini wakili wa kampuni ya bima, ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, huanzia penye rahisi zaidi. Humtazama mlalamikaji na kuuliza: wewe ni nani kwa marehemu?

Kwa kawaida madai huwa mawili ndani ya kesi moja. La kwanza hutoka Sura ya 32 ya sheria za Kenya, Sheria ya Ajali za Vifo, inayowalinda waliomtegemea marehemu: mke au mume, wazazi na watoto. Ndugu hawamo. Kwetu kijana mwenye pikipiki Oyugis anaweza kuwa ndiye anayelipa karo ya wadogo zake watatu, na sheria hii haiwatambui hata kidogo. Dai la pili ni la marehemu mwenyewe kupitia mali yake, chini ya Sura ya 26, Sheria ya Marekebisho ya Sheria, na hilo huletwa na msimamizi aliyeidhinishwa na mahakama.

Hapo kesi nyingi huvunjika shingo. Wengi wetu tunaikumbuka kesi ya S.M. Otieno ya 1987 kwa sababu ya mzozo wa mahali pa kuuzika mwili wake: mjane wake Wambui upande mmoja, ukoo wake wa Umira Kager upande wa pili, na mwisho wake kaburi la Nyalgunga, Siaya. Mawakili wa bima wanaikumbuka kwa jambo jingine. Mahakama ya Rufani ilisema humo kwamba msimamizi hawezi kushtaki kwa cheo hicho kabla ya kupewa barua za usimamizi. Akitangulia, kesi yake ni batili tangu siku ilipofunguliwa. Mjane anayekimbilia mahakamani bila barua hizo anaweza kuipoteza kesi nzuri, na akija kugundua, huenda miaka 3 imekwisha.

Dawa yake ipo: barua zenye mipaka, zinazotolewa kwa ajili ya kufungua kesi tu. Kinachohitajika ni cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi. Ukurasa mmoja, muhuri wa zambarau, saini. Chifu huandika anachoambiwa na waliokuja ofisini kwake, na waliokuja mara nyingi ni wa nyumba moja. Marehemu akiwa na boma Ndhiwa na mwanamke mwingine aliyeishi naye Homa Bay mjini, huyo wa mjini anaweza kuachwa nje, watoto wake pamoja naye.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe. Wangapi wamesajili? Basi mjane hulazimika kuleta wazee walioshuhudia ng'ombe wakihesabiwa, au picha za ayie, sherehe ya kuomba ridhaa ya kuoa. Asipokuwa na hayo, hubaki kuiomba mahakama idhanie kuwa ndoa ilikuwepo, na tarehe 27 Januari 2023, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, Mahakama ya Juu iliubana mlango huo. Kuishi pamoja muda mrefu peke yake hakutoshi. Ni lazima wawili hao wawe walikuwa huru kuoana, walikusudia kuoana, waliridhia, na walijionyesha kwa watu kama mke na mume.

Kwa nini bima ijisumbue na mambo ya chumbani? Ni hesabu. Chukua mfano wa mwendesha bodaboda wa miaka 34 aliyekuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi, na hakimu akaona angefanya kazi miaka 15 zaidi. Kwa mtu mwenye mke na watoto, mahakama huchukua kwa kawaida theluthi mbili ya kipato kuwa ndiyo iliyoilisha familia: shilingi 1,800,000. Akionekana kapera aliyewasaidia wazazi tu, mara nyingi huchukuliwa theluthi moja: 900,000. Ajali ni ileile, dereva ni yuleyule, na kosa ni lilelile. Nusu ya pesa imeondoka kwa sababu ndoa haikuthibitishwa.

Kuhusu kipato chenyewe, usiogope sana wakikuambia hamna risiti. Katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja ya 2005, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba kazi na mapato huthibitishwa kwa karatasi tu. Wakenya wengi wanajipatia riziki bila kuweka kumbukumbu yoyote. Mvuvi wa Mbita anaweza kusemewa na mnunuzi wake wa samaki.

Ukishinda, bima hulipa kwa kila mtu hadi shilingi milioni 3 chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, na kinachozidi humrudia mwenye gari. Lakini ni lazima iwe ilipewa notisi ya kesi mapema, na iwe bado ina uhai. Walioshinda kesi dhidi ya wenye magari yaliyokatiwa bima na United Insurance kabla ya 2005, au Blue Shield kabla ya 2011, wanajua maana ya kushika hukumu isiyolipwa.

Pesa zikitoka, fungu la Sura ya 32 hakimu huligawa mwenyewe kwa wategemezi. Fungu la mali ya marehemu ni habari nyingine, kwa sababu zile barua zenye mipaka haziruhusu kugawa hata shilingi. Familia hurudi mahakamani kuomba barua kamili, na kama wake ni wawili, kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi hugawa kwa nyumba: hesabu watoto, kisha ongeza kila mjane kama mmoja. Nyumba yenye watoto 5 hupata mafungu 6. Yenye mtoto 1 hupata 2. Kabla ya hapo ombi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Huko Sori au Kendu Bay ni nadra kumpata mtu anayelisoma gazeti hilo. Lipo mtandaoni, ndugu zangu, na wewe uliye Dallas unaweza kulifungua kwa simu ukaona ni nani aliyeomba barua hizo.