Je, Wajua? Betri Haifi kwa Kazi, Hufa kwa Kukaa

Je, wajua kuwa stata ya gari inaweza kunyonya ampea 150 kwa mpigo, lakini kuwasha gari hakumalizi hata asilimia 1 ya betri? Kazi yenyewe ni ya sekunde mbili tu! Alteneta hurudisha umeme huo kabla hujafika mbali na geti.

Sasa sikia hii. Alamu, redio na tracka zikinyonya ampea 0.05 pekee, kwa siku hiyo ni ampea-saa 1.2. Nenda ushago Desemba siku 20, ukirudi Kileleshwa betri yako ya NS60, yenye ampea-saa 45, imepoteza zaidi ya nusu!

Dawa yake? Spana namba 10. Legeza terminali ya hasi, iweke kando, uende zako. Anza na hasi kila mara: ukianza na chanya na spana iguse bodi, cheche zitakurukia.

Je, wajua kuwa betri iliyojaa husoma volti 12.6, na iliyo hoi husoma 12.0? Tofauti ni volti 0.6 tu! Ikisoma 12.4, bado ina robo tatu. Ikishuka hapo, ichaji leo, usingoje kesho.

Umesahau taa za mbele zikiwaka? Balbu mbili za wati 55, pamoja na taa za nyuma, hula karibu ampea 10. Egesha Westlands saa mbili asubuhi. Kufikia saa saba mchana, NS60 nzima imekwisha!

Na usifikiri kusukuma kutakuokoa. Gari la otomatiki ukilisukuma kutoka Kangemi hadi Kencom, halitawaka ng'o.

Je, wajua kuwa injini isipokimbia, alteneta hutoa sehemu tu ya nguvu zake? Ndiyo maana jam ya Waiyaki Way, na mvua, taa, waipa na feni vyote kazini, huiacha betri na njaa. Wikendi lipe gari safari ndefu ya barabara wazi.

Ukiiacha betri bila chaji, fuwele ngumu hushika mabamba yake ya risasi. Zikikomaa, hakuna chaja ya kuzing'oa. Wiki chache za uzembe zinatosha!

Je, wajua kuwa joto likipanda kwa nyuzi 10, betri iliyokaa hujimaliza karibu mara mbili haraka zaidi? Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, tumebarikiwa. Waulize wenye jetski za zamani kule Diani: betri yao, mara nyingi ya ampea-saa 19 tu, hukaa kwenye joto msimu mzima wa wageni wachache. Wajanja huitoa, huiweka kivulini na kuichaji kila mwezi.

Unaona ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali? Magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto huumaliza, kwa kuwa huua asidi. Hakikisha tu hayaingii ndani ya betri.

Ukiomba chaji kwa jirani, waya mweusi wa mwisho ubane kwenye chuma cha injini, mbali na betri iliyokufa. Betri hutoa haidrojeni, na cheche moja inaweza kuilipua!

Je, wajua kuwa Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi na asidi mwaka 1859? Hiyo ni miaka 40 kabla reli haijafika Nairobi, na bado ndiyo inayowasha gari lako.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ni sumu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa. Phyllis Omido, aliyewapigania, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kwa hiyo itunze yako iishi miaka mingi, na ikifa kabisa usiitupe jaani: mrudishie muuza betri.