Mlinzi Amgeukiapo Mwenye Nyumba

Miongoni mwa kina mama na mabinti zetu yupo aamkaye asubuhi akiwa amechoka kuliko alivyolala. Viungo vyamuuma, nywele zapukutika, na akipigwa na jua humtokea mabaka puani na mashavuni. Kwa kuwa hana jeraha la kuonekana, huambiwa ni mvivu, au hunong'onwa kuwa amerogwa. Huenda si hili wala si lile. Huenda ni lupasi, maradhi ambayo katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa katika umri wa kuzaa.

Ili tuyafahamu maradhi haya, yatupasa kumjua mlinzi mmoja aliyemo damuni mwetu. Jina lake ni seli B, nayo ni aina ya chembe nyeupe za damu zitokazo katika uboho wa mifupa. Kazi yake ni kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazowanasa vijidudu vya maradhi ili viangamizwe. Ada ya mwili ni kuwa seli B yenye mwelekeo wa kuushambulia mwili wenyewe huondolewa au hunyamazishwa mapema. Kwa mwenye lupasi, mchujo huo hulegea. Seli hizo husalia, zikatengeneza kingamwili dhidi ya vinasaba vilivyomo ndani ya viini vya seli zake mwenyewe. Kingamwili na vinasaba hushikamana, zikachukuliwa na damu, zikatua katika figo, ngozi na viungo, na hapo zikazusha uvimbe na madhara.

Figo huweza kuharibika pasina maumivu yoyote. Kwa sababu hiyo daktari huagiza mkojo na damu vipimwe hata siku ambazo mgonjwa hana la kulalamikia.

Matibabu mengi yalenga kumtuliza mlinzi huyu. Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini tuliyoizoea zamani kwa malaria. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha belimumabu, dawa izuiayo ishara ambayo seli B huitegemea ili ziishi. Na mwaka 2022, madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walieleza habari za wagonjwa 5 ambao chembe zao za kinga zilitolewa, zikafunzwa kuzisaka seli B, kisha zikarudishwa mwilini. Baada ya miezi 3 maradhi yalikuwa yametulia kwa wote 5. Seli B mpya zilipochipuka baadaye, hazikurudi na uadui wa zile za kwanza. Tiba hiyo ingali ghali na ya wachache, lakini imetuonyesha wazi chanzo cha fitina kilipo.

Basi tumtendee mgonjwa kwa mujibu wa elimu hii. Asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu, kwani nafuu hiyo huenda ni kazi ya dawa yenyewe. Amwone daktari kabla ya kushika mimba na kabla ya kuingia Ramadhani. Akingwe na jua kali. Na siku asemapo hawezi kuinua ndoo ya maji, asitakiwe ushahidi; aliye karibu aiinue.